Kitambaa Chini ya Boneti

Ninashona siti za magari hapa Bariadi. Kibanda changu kimepakana na gereji, kwa hiyo pua yangu imeshazoea kila kitu: petroli, rangi ya kupulizia, mpira uliounguzwa, hata maandazi ya mama anayewauzia mafundi. Kuna harufu moja tu ambayo haijanizoea wala mimi sijaizoea. Ni ya oili chakavu inayoungulia kwenye kitambaa cha pamba. Ni nzito, ina uchungu kidogo na utamu kidogo, kama karanga zilizosahauliwa kikaangoni.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa gereji alisahau tambara juu ya ekzosi ya moto. Moshi wake ulipofika kwenye cherehani yangu, mguu uliacha kukanyaga wenyewe. Nikabaki nimekaa, sindano imesimama katikati ya siti ya mtu, ninatabasamu peke yangu kama niliyetumiwa ujumbe na mchumba.

"Minza, umeona nini?" akauliza yule kijana.

"Nimemwona Guku."

Akacheka, akadhani ninamtania. Ninyi mnaosoma nitawaeleza, maana jambo hili nilikuwa sijawahi kulieleza lote kwa mtu yeyote, na Guku mwenyewe aliniambia nisilipeleke popote. Mtaona mbele kwa nini sasa ninaona ruhusa ipo.

Guku ni babu kwa Kisukuma. Guku wangu, mzazi wa baba, alikuwa na gari. Nikisema gari msifikirie haya makubwa yanayopita lami kwa kiburi. Kalikuwa kagari ka milango miwili, kafupi, ka rangi ya kiini cha yai la kienyeji, kenye taa mbili za duara zilizoonekana kama macho ya mtu aliyeshangaa. Kalitengenezwa zamani sana kwa ajili ya watu wasiopenda kumaliza petroli, na kweli kalikuwa hakali mafuta. Guku alisema kanakunywa kama kuku: tone moja, kanainua kichwa, kanashukuru.

Kaliitwa Kabula. Guku alikapata kwa kutoa ng'ombe, na kati yao alikuwepo jike mmoja aliyempenda kuliko wote, aliyeitwa Kabula kwa sababu alizaliwa siku ya manyunyu. Kwa Guku, kitu kilichopatikana kwa ng'ombe kilirithi jina la ng'ombe. Ndiyo maana kwetu hakuna aliyesema gari limeharibika. Tulisema Kabula anaumwa. Mvua ikinyesha tulimwingiza Kabula kwenye banda la pamba, asilowe. Hata leo ulimi wangu unakataa kumwita kitu.

Na kila alichozaliwa nacho Kabula, Guku alitaka abaki nacho. Siti zake zilikuwa za kahawia, zimepasuka kwa jua, zikikaliwa mchana zinakuchoma mapaja. Redio yake haikuimba tangu sijazaliwa, lakini ilipanguswa vumbi kila wiki. Siku moja ilidondoka skrubu ndogo ya mlangoni, na mzee mzima akaleta ungo, akapepeta vumbi la uani mpaka akaipata. Kila asubuhi alifungua boneti, akavuta kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa kitambaa kilichokuwa shati enzi zake, akakirudisha. Kisha akakikunja kile kitambaa mara nne, akakiweka mfuko wa koti. Nguo zake zote zilinuka oili. Mimi nilidhani ndiyo harufu ya wazee.

Kwenye kijidroo cha mbele ya abiria kulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na mwenye kula michembe hiyo njiani nilikuwa mimi. Nilikuwa darasa la tatu, na siti ya mbele ilikuwa yangu kwa kazi maalumu. Ngoja niwaeleze kazi yenyewe.

Kwetu mkaza mwana na baba mkwe hawazoeani ovyo. Mayu, yaani mama yangu, hakumtaja Guku kwa jina, hakumtazama usoni, wala hakumwelekezea maneno moja kwa moja. Uani hiyo ni rahisi, uani ni pakubwa. Sasa fikiria heshima yote hiyo ndani ya gari ambalo magoti ya mtu wa nyuma yanamgusa mgongo aliye mbele! Basi mayu alikaa nyuma upande wa kushoto, uso dirishani, Guku akashika usukani, na mimi mbele nikapeleka maneno.

"Minza, mwambie Guku kuna shimo."

"Guku, mayu anasema kuna shimo."

"Mwambie nimeliona."

"Mayu, Guku anasema ameliona."

Na hapo, puu, tumeshaingia shimoni wote watatu na heshima yetu.

Safari ya kurudi nyumbani ilikuwa na jambo moja la ziada. Tukifika darajani, pale barabara inapopanda kuelekea kijijini kwetu, Guku alikanyaga mafuta mara mbili: vuu, vuu! Hata kama hakuna mtu wala mbuzi mbele. Injini ile ilikuwa na sauti yake, ya kukwaruza na kukohoa, na pale kwenye mwinuko ilisikika mpaka mashamba ya mbali. Nilimuuliza kwa nini anafanya vile.

"Ninasafisha kabureta," akasema, kama alivyomjibu kila aliyemuuliza.

Nikaamini. Nikajua kwamba kabureta ni kitu kinachochafuka kila kinapoliona daraja.

Mwaka ninaousimulia, Kabula alianza kuchemka. Tulikuwa tukienda Bariadi bila kusimama, sasa ikawa anasimama mara moja, baadaye mara mbili, boneti inafuka kama sufuria ya ugali, na Guku anashuka na dumu la maji akimwambia pole. Mwaka huohuo mayu alikuwa mjamzito. Mimi mwenyewe nilizaliwa kwa kupasuliwa, na nesi alishasema: huyu mama asithubutu kuzalia nyumbani, siku zikikaribia aje mjini mapema. Pikipiki zilikuwepo, lakini kwa tumbo lile na barabara ile hakuna aliyetaka hata kuitaja. Basi kila mtu akawa anamtazama mayu tumbo, kisha anamtazama Kabula boneti.

Baba alimleta Fundi Masanja kutoka mjini. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye bisibisi sikioni kama wengine wanavyoweka kalamu. Aliigusisha ncha kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho kama daktari. Akamaliza, akajifuta mikono.

"Mzee, silinda zimelika, na kichwa chake kimepinda kwa joto. Spea za injini hii sijaziona tangu nianze ufundi. Ila kuna moja ninayo, ya gari dogo la kisasa, nzima kabisa. Haina hata kabureta, petroli inajipimia yenyewe kwa umeme. Tunatoa hii, tunachomeka ile."

"Na giaboksi?" Guku akauliza.

"Inakuja na ya kwake."

"Na kirungu cha gia?"

"Hicho tutakubakishia, Mzee."

"Wabeja," Guku akasema, asante hiyo, lakini aliitoa kama mtu anayetema mbegu. "Kwa hiyo siku nikiumwa mimi, mtanitoa matumbo yote, mnibakizie kofia."

Fundi akacheka. Baba hakucheka. Alisema, "Mzee, hili siyo pambo. Tunataka kitu cha kufika."

"Kabula hajawahi kumwacha mtu njiani."

"Hajawahi kumwacha. Anampumzisha tu, mara mbili."

Guku alikuwa na mpango wake. Alijua fundi mmoja mzee huko Kiloleli, mwenye mashine ya kusawazisha vyuma, ambaye angeweza kukinyoosha kile kichwa na kuzichonga upya silinda, Kabula akabaki na injini yake orijino. Ila mtu huyo alikuwa na foleni, na kazi ingechukua miezi.

"Miezi!" Baba akasema. "Mtoto atasubiri foleni ya Kiloleli?"

Wakaachana hivyo. Kwa siku kadhaa walisalimiana asubuhi kwa adabu yote, mwangaluka kwa mwangaluka, na baada ya hapo kimya. Mimi nilikuwa upande wa Guku, niwaambie ukweli. Sikuona kwa nini atolewe mtu tumbo kwa sababu ya kukohoa.

Kisha ikafika siku ya kliniki.

Tuliondoka mapema, Guku, mayu na mimi. Baba alibaki kwenye mpunga. Kabula alichemka mara ya kwanza tukampoza. Akachemka mara ya pili. Mara ya tatu lile dumu lilikuwa tupu, na tulikuwa mahali ambapo hakuna nyumba, mashamba ya pamba tu kulia na kushoto, jua limesimama. Guku alifungua boneti, akabaki ameinama pale. Mayu alishuka, akakaa juu ya jiwe, miguu imevimba, mkono mmoja chini ya tumbo kama mtu aliyebeba kapu. Hakulalamika. Alikaa muda mrefu akitazama barabara tulikotoka na tulikokuwa tunaenda. Mwisho akaniita.

"Minza. Mwambie Guku ninaogopa."

Nilikuwa nimepeleka maneno mengi maishani mwangu, ya mashimo, ya chumvi, ya mbuzi waliopotea. Lile lilikuwa zito, nikalibeba polepole.

"Guku. Mayu anasema anaogopa."

Hakuinua kichwa. Jasho lake lilikuwa linadondokea kwenye injini, linaungua, tsss. Nilingoja jibu nilirudishe.

"Mwambie mama yako nimesikia," akasema.

Kabula alipopoa tukajikokota, na siku ileile tulipofika nyumbani, yeye mwenyewe alimtuma mtu mjini akamwite Fundi Masanja. Baba alipotaka kumshukuru, alimwonyesha kiganja, kwamba inatosha.

Injini mpya ilikuja juu ya tela la ng'ombe, imefunikwa turubai. Hatukuwa na winchi, kwa hiyo fundi alisimika magogo matatu yaliyokutana juu, akapitisha mnyororo, na ncha ya pili ikafungwa kwenye nira ya maksai wetu wawili. Aliyewaongoza maksai alikuwa Guku. Hakukubali mwingine. Alirudi kinyumenyume mbele yao, akiwanong'oneza, hatua kwa hatua, na injini ya Kabula ikapanda ikitoka kifuani mwake, nyeusi, inachuruzika. Alipoishusha juu ya gunia, alikaa karibu nayo, akavuta kijiti cha oili, akakipangusa, akakirudisha. Mazoea tu. Kisha akaangalia kile kitambaa mkononi kama hajui akiweke wapi. Akakitundika kwenye msumari wa banda.

Hapa ndipo ninapoingia mimi na akili zangu.

Wiki hiyohiyo ng'ombe wetu mmoja alifiwa na ndama. Wafugaji mnajua: mama akikosa ndama anazuia maziwa. Anasimama, anakutazama, hatoi hata tone. Basi ngozi ya yule ndama inakaushwa, inapakwa chumvi kidogo, na wakati wa kukamua mtu anaishika mbele ya pua ya mama. Anainusa, anailamba, anadhani mwanawe yupo, maziwa yanashuka. Mshika ngozi nilikuwa mimi. Kila asubuhi nilisimama pale nikiona lile ling'ombe kubwa likifumba macho kwa furaha juu ya ngozi tupu, nami nikijisikia mwongo na mwema kwa pamoja.

Sasa Kabula, akishawekewa injini mpya, aligoma. Fundi akiwasha, anatikisika, anakohoa mara moja, anazima. Asubuhi nzima. Nyaya zilikuwa zimetapakaa kama utumbo wa mbuzi, na Fundi Masanja ametoa bisibisi sikioni ameiuma kwa meno. Baba anazunguka. Guku kakaa mbali. Mimi nikatazama yale macho mawili ya duara yaliyoshangaa, nikaelewa mara moja kile ambacho watu wazima wote watatu hawakukielewa. Kabula amefiwa. Anazuia.

Walipoenda kula ugali, nikakichukua kile kitambaa msumarini, nikakichovya kwenye beseni la oili chafu iliyomwagwa kutoka injini ya zamani, nikakikamua kidogo kama mtu mzima. Nikapanda kwenye bampa. Nikakisokomeza ndani kabisa, kati ya injini mpya na bomba la chuma linaloshuka chini, mahali ambapo hakuna atakayekiona. "Kabula," nikamwambia, "huyu hapa wa kwako."

Baada ya chakula, fundi alikuta waya mmoja haujagusa bodi, akaukaza, akawasha. Kabula akanguruma! Kungurumaje, hata siyo kunguruma, ilikuwa sauti laini kama ya cherehani. Wote wakampigia fundi makofi. Mimi nikapiga makofi pamoja nao, kwa unyenyekevu, nikijua ukweli ni upi.

Siku chache baadaye, asubuhi, tukampeleka mayu mjini. Mifuko yake miwili ilikuwa tayari, na maumivu yalikuwa yameanza kumtembelea kabla ya siku tuliyoambiwa. Baba alikaa nyuma na mayu. Guku usukanini. Mimi na michembe mahali petu. Kabula alikwenda kama hajawahi kuumwa. Tukapita lile jiwe la mayu bila kupunguza mwendo, na baba akamgusa Guku begani. "Umeona, Mzee?" Guku akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa na furaha ya kupasuka. Ndiyo ilikuwa safari ndefu ya kwanza ya injini ile, na lile bomba la chuma lilikuwa linapata moto wa kweli kwa mara ya kwanza.

Harufu ilitangulia. Karanga kikaangoni. Kisha moshi, mwembamba, ukitokea pembeni mwa boneti, kisha siyo mwembamba tena.

"Inaungua!" baba akapiga kelele. "Mzee, simama, inaungua!"

Mayu alikuwa ameshika kichwa cha siti yangu kwa mikono miwili, na ule mkwaruzo wa kucha zake kwenye ile ngozi ya plastiki ninausikia mpaka leo. "Minza," akasema, lakini hakumaliza la kupeleka. Guku alisimamisha gari, akatoka mbio ambazo sikujua anazo, akafungua boneti, akaingiza mkono kwenye ule moshi.

Nilishuka nyuma yake. Nilikiona kitambaa changu kinawaka pembeni. Alikivuta kwa vidole vitupu, akakitupa chini, akakikanyaga mara nyingi. Kisha akakitazama. Alikijua, bila shaka, alikuwa amekikunja miaka yote ile. Akanitazama na mimi. Sijui uso wangu ulikuwaje. Kilichosalia kilikuwa kipande cha ukubwa wa kiganja. Akakiokota, akakikunja mara nne, kikaingia mfuko wa koti kikiwa bado kinafuka.

Baba alifika. "Nini?"

"Kitambaa changu," Guku akasema. "Nimekisahau mimi."

Baba alisimama pale. Nyuma yetu mayu alikuwa anahema kwa sauti. Baba hakumfokea baba yake, hilo hapana. Alisema taratibu, na taratibu ile ilikuwa mbaya kuliko kufoka: "Mzee, umechoka. Naomba funguo."

Guku akamwonyesha kwamba ziko kwenye swichi. Akazunguka, akakaa siti ya mbele ya abiria, mimi nikahamia nyuma kwa mayu, na baba akaendesha mpaka hospitalini. Tulifika salama. Mdogo wangu alizaliwa kabla ya chakula cha mchana, mzito, mwenye kelele, na mayu akawa mzima.

Tulipokuwa tunasubiri, Guku aliniita tukae karibu na Kabula, kwenye kivuli chake kifupi. Vidole vyake viwili vilikuwa vimefungwa bandeji.

"Ng'wana wane," mwanangu, "ulikuwa unatafuta nini mle ndani?"

Nikalia. Nikamweleza yote kwa mkupuo mmoja, ndama, ngozi, chumvi, Kabula kuzuia. Nilitegemea fimbo. Guku alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kucheka, kicheko cha mabega, bila sauti, mpaka machozi yakamtoka akayafuta kwa ile bandeji.

"Mbona hukuniletea mimi?" akasema.

Nikadhani ananikaripia kwa kutoomba ruhusa. Nikasema sitarudia.

"Na haya maneno," akaongeza, "haya usiyapeleke kwa baba yako. Kaa nayo."

Nikakaa nayo. Nilikuwa mpeleka maneno wa kuaminika.

Siku tuliyorudi na mtoto, baba aliendesha. Guku mbele, mimi nyuma na mayu na kifurushi chetu kinachonuka maziwa. Tulipofika darajani, baba alipanda ule mwinuko kimya kimya, injini ikiimba kama cherehani. Mimi nilikuwa nimeinama kuokota soksi ya mtoto, kwa hiyo nilikuwa ninatazama chini, katikati ya siti. Nikauona mguu wa Guku. Ulikanyaga sakafu mara mbili, mahali pasipo na pedali. Nilidhani umekufa ganzi.

Hakuendesha tena. Hakuna aliyemkataza kwa maneno. Funguo zilihamia tu msumari mwingine, na yeye hakuzitafuta. Kila asubuhi alikwenda bandani kuisalimia injini ya zamani, akavuta kijiti, akakipangusa, akakirudisha, mpaka kuku wakazoea kumpisha. Aliishi miaka mingine mingi hivyo, akimlea mdogo wangu na kunipigia makofi nilipojifunza cherehani baada ya shule kunishinda. Alifariki nikiwa binti mkubwa.

Baada ya msiba, mayu alikuwa anakunja nguo zake, akatoa kile kipande mfuko wa koti. Alikinusa. Akakaa kitandani. Nilidhani atauliza kilichoungua, lakini alianza hadithi nyingine kabisa.

"Nilipoolewa hapa, bibi yako alikuwa bado hai," akasema. "Tukiwa shambani, mzee akirudi kutoka Bariadi, akifika darajani anakanyaga mafuta mara mbili. Bibi yako anaweka jembe chini, ananiambia, haya, weka maji ya ugali, huyo mtu amefika. Kila mara. Hata alipougua akawa wa kulala tu, akisikia ile sauti anageuza kichwa mlangoni."

Bibi alifariki kabla sijapata akili. Mimi nilikuwa nimeisikia miaka yote kabureta ikisafishwa.

"Wewe ulijua, mayu? Siku ile ya jiwe?"

"Nilijua ninachomwomba," akasema. "Na yeye alijua kwamba ninajua." Akanipa kile kipande.

Ninacho hapa, kwenye kopo la vifungo. Na aliponipa ndipo nilipoelewa kwamba siku ile nilikosea kidogo tu. Aliyefiwa nilimjua vibaya. Kabula hakuhitaji kunusa kitu.

Sisemi sasa kwamba injini ingeachwa. Nikimwona mdogo wangu, na meno yake yote na kelele zake zote, ninajua baba alikuwa sahihi. Kuna kijana alikuja mwaka jana akitafuta magari ya zamani, akamzunguka Kabula kwa mapenzi, akafungua boneti, akanywea. "Ah, mngeacha ya kwake," akasema. Mdogo wangu amekamatia hapo, anaota kumrudishia Kabula injini yake, na mimi ninaota kumshonea siti za kahawia zilezile, uzi uleule. Tutaona. Kuota hakuli petroli.

Basi, Jumapili hii baada ya ule moshi wa gereji, baba alikuja mjini na Kabula akanichukua kwenda nyumbani. Nilikaa mbele, mahali pangu. Tulikuwa tumemaliza habari za mvua na pamba. Nikafungua kijidroo, nikakuta michembe, na maneno yakatoka yenyewe. Nikamwambia yule aliyesahau kitambaa siye Guku. Nilikiweka mimi. Nikamweleza ndama na ngozi. Nikamwambia Guku alikubali funguo zitoke mkononi mwake ili nisipigwe mimi.

Baba akabadilisha gia. Aliendesha, macho barabarani. Hakuuliza kwa nini nilinyamaza miaka yote. Tukapita lile jiwe. Tukapita mashamba yaliyovunwa. Nikaanza kujuta.

Tulipofika darajani alipunguza mwendo, akaingia mwinuko polepole kuliko kawaida. Kisha akakanyaga mafuta mara mbili. Ile injini laini ikajitahidi kadiri ya uwezo wake: vii, vii.

Nikamtazama.

"Ninasafisha kabureta," baba akasema, na akageuza uso dirishani.